Kuni za Mbuyi, Maji ya Kabanga

Tangu nirudi, kila mtu wa orkestra yetu, na hata wateja wa Jumapili, ananiuliza jambo moja: kwa nini sasa, katikati ya wimbo, pale pale ambapo zamani nilipiga solo mpaka watu wakaweka glasi chini, ninafunika nyuzi kwa kiganja na kuacha kimya kipite? Nimeeleza kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimekatizwa kabla sijafika Tenke. Basi nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, naye atanipa kikombe cha munkoyo baridi, maana habari hii ni ndefu na safari yenyewe ilikuwa ndefu zaidi.

Kwanza mjue nyumba yetu. Babu zetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba, nasi tumezaliwa hapa hapa Shituru, Likasi, katika nyumba za matofali zinazotazama moshi wa kiwanda. Lakini mapacha wa Kasai ni mapacha popote walipo. Wa kwanza anaitwa Mbuyi, wa pili Kabanga, na anayezaliwa baada yao anaitwa Tshituka. Tshituka ndiye mimi. Mama yetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Yeye ni Mwa Mbuyi, mama wa mapacha. Kwetu, cha pacha ni viwili. Mbuyi akinunuliwa viatu, Kabanga anunuliwe vya namna ile ile. Mbuyi akichapwa, Kabanga naye anapata lake, hata kama alikuwa kanisani. Kuita jina la mmoja ukanyamazia la mwenzake ni kumtenga, na pacha aliyetengwa hakai nyumbani.

Mama alikuwa na wimbo wa kuwaita walipokuwa wadogo, aliopewa na mama yake. Aliuimba akichekecha unga. "Mbuyi, leta kuni." Ananyamaza kidogo, chekeche linacheza mikononi. "Kabanga, leta maji." Ni hayo tu, yanazunguka mpaka bukari, ugali wetu, iko tayari. Kaka yangu Mbuyi ndiye aliyeuingiza wimbo ule kwenye gitaa kavu, lisilo la umeme, kidole gumba kikifuata chekeche la mama, na ndiye aliyenifundisha mimi.

Kisha Mbuyi akaondoka. Nyumbani kwetu hatusemi kwamba pacha amekufa, wala hatumlilii. Tunasema amekwenda kutafuta kuni. Mimi nilishindwa, nikamlilia kwa gitaa. Nilipeleka wimbo studio. Fundi wa pale, mtu mwenye masikio mazuri na haraka nyingi, akasema ni mrefu, tukate mstari wa pili, mahali pake tuweke solo. Nisimsingizie fundi wa watu. Nilikubali kwa sababu solo ilikuwa yangu.

Yaliyofuata mnayajua. Wimbo ukaingia kwenye simu zote za Likasi, na harusini watu husimama nikigusa nyuzi tu. Mama peke yake hakusimama hata siku moja, wala hakuuimba tena. Tukimwuliza anasema, "Ni miguu." Na dada yangu Kabanga, aliyeolewa Bukama kwenye mto Lualaba, ambaye kila mwezi alitutumia furushi la samaki wakavu kwa treni, akaacha kutuma. Simu akawa hapokei. Miaka miwili tulikula samaki wa ziwa la hapa karibu, Tshangalele, na mama aliwala bila kusema neno, naye si mtu wa kula samaki bila kusema neno.

Mwaka huu macho ya mama yameanza kuingia ukungu. Anaona watu kama walio nyuma ya moshi, na kila mwezi moshi unazidi. Siku moja alikuwa akichagua maharagwe kwa vidole tu, akaniambia, "Tshituka, minye nataka nione sura ya Kabanga mbele macho yangu ifungike. Enda ukamulete."

Shituru mpaka Kamatanda

Habari za tiketi ninaziruka. Hakuna aliyewahi kuburudika nazo. Treni iliyosemekana ni ya asubuhi ilikuja tumekwisha kula cha mchana na kusinzia juu ya mizigo. Nilikuwa na gitaa, kapu lenye kuku wawili weupe, vikwembe viwili, yaani vitenge, vya maua ya aina moja, na sahani mbili za bati. Huwezi kwenda kumwomba pacha radhi na kitu kimoja kimoja.

Tulipopita Kamatanda, treni ilikwenda polepole kama mtu anayetafuta ufunguo alioangusha. Wachimbaji walikuwa wameketi juu ya magunia yao, nyuso nyekundu kwa vumbi, na mmoja alikuwa akipiga mluzi wimbo wangu. Moyo ulinijaa, niseme kweli. Nikatoa kichwa dirishani nisikie atakavyoiga solo. Alipofika pale akaacha mluzi, akafungua mdomo, akaimba maneno mawili matatu, lakini magurudumu yakayameza. Nikajiambia, maskini, huyu hajui wimbo.

Jua likashuka upande wa kushoto, likahamia kulia, likarudi kushoto, kwa vile reli inapinda sana. Magurudumu yalikuwa yakisema mbili-mbili, mbili-mbili. Kuku walinyamaza wasikilize. Sikumbuki nilipolala.

Tenke

Asubuhi tulikuwa Tenke, na Tenke tukabaki. Reli zinakutana pale, treni moja inangoja nyingine, na wakati mwingine nadhani zote mbili zinangojana. Mbele yangu alikaa Mama Ngoie, mfanyabiashara wa chumvi, mwenye sauti inayoweza kuuza chumvi hiyo mpaka behewa la mwisho bila yeye kuinuka. Tangu jana alikuwa akiitazama mizigo yangu. Mwishowe uvumilivu ukamwishia.

"Baba, pardon. Unaenda kuoa?"

"Hapana, mama."

"Mais kuku mbili, bikwembe mbili, sahani mbili, yote sawa sawa! Unaenda kuoa bamama babili siku moja."

Kabla sijajibu, behewa zima lilikuwa na habari. Mzee mmoja mstaafu wa reli akanishauri nyumba za wake wenza zisitazamane milango. Mwanamke wa kiti cha nyuma akasema wanaume wa Likasi wamekosa haya, na kwamba anawajua, maana yeye mwenyewe ameolewa na mmoja. Nilipopata nafasi nikasema, "Ni dada yangu. Ni pacha. Ninaenda kumuomba pardon."

Mama Ngoie akaweka mkono kifuani. "Aa. Ni pacha." Akafungua kitambaa chake, akanipa ndizi. Zilikuwa mbili. Tangu pale mpaka mwisho wa safari, kila aliyenipa kitu alinipa viwili: mahindi mawili, mayai mawili, na mzee wa reli ushauri wake wote aliurudia mara ya pili.

Tulikaa mpaka kivuli cha behewa kikavuka reli na kulala upande wa pili. Nililala, nikaamka, nikalala tena. Katikati ya usingizi huo nilimwona Mbuyi akitembea kando ya reli, mzigo wa kuni begani, hana haraka, akitupita kwa sababu sisi tumesimama. Nilipofumbua macho palikuwa na mtu kweli na mzigo wa kuni kweli, lakini hakuwa yeye. Sikuhuzunika. Nilimtazama mpaka akaingia kwenye majani marefu, na majani yakaendelea kutikisika kidogo.

Baada ya Luena

Tulipoiacha Luena injini ikanyamaza. Waliojua sababu hawakusema, na waliosema hawakujua. Tulishuka tukakaa chini ya miti, na siku ikapita juu yetu taratibu. Chakula cha watu kikaisha. Jua la mchana lilikuwa kali, na kuku wangu mmoja akaanza kulegeza shingo.

Mama Ngoie akamwinua, akamtazama jicho. "Huyu hatafika. Kata mbele hajakufa."

"Nikikata huyu, nitafika na mumoja."

"Ah, non! Mumoja, huwezi. Kwa pacha? Ni matusi."

Tukashauriana. Watu waliokuwa hawajui hata jina langu waliingia kwenye kesi ile kwa moyo wote. Mzee wa reli ndiye aliyetoa hukumu: "Ama yote mbili, ama hakuna." Akairudia mara ya pili. Basi kuku wa pili, mwenye afya njema, ambaye hakumkosea mtu, akamfuata mwenzake. Wanasema mkono mtupu haulambwi, lakini mkono wenye kuku mmoja ungepigwa. Nilijua sasa nafika kwa dada yangu bila kitoweo, ila kwa heshima.

Mama Ngoie alitoa unga na chumvi, mtu mwingine akatoa sufuria. Akasonga bukari, na katika kusonga akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wangu. Hakujua kwamba ni wangu, maana gitaa lilikuwa bado ndani ya behewa. Nikanyamaza nikitabasamu kama bwana harusi anayesikia akisifiwa nyuma ya pazia. "Mbuyi, leta kuni," akaimba. Mwiko ukazunguka. Na mahali pa solo, mahali pangu, bila kusita, akaimba: "Kabanga, leta maji." Wanawake waliokuwa wakipangusa sahani wakamwitikia.

Nilisogea karibu na sufuria.

"Mama," nikasema, "ile ya maji, ulijifunza wapi?"

"Si njo wimbo?"

"Kwenye telefone haiko."

"Kwenye telefone balikata," akasema, kama mtu anayekuambia kwamba mvua inalowesha. "Bamama ba samaki ya Bukama njo banaimba yote. Kuko mumoja pale gare: ukinunua samaki yake, anakuimbia. Kila treni ikipita, anaimba. Sisi tunapeleka. Mpaka Likasi, mpaka kule Kamatanda kwa bachimbaji."

Nikamkumbuka yule wa mluzi, niliyemwita maskini.

Nilikula kuku wangu. Miaka miwili nilijisifu kwamba nimeuchukua wimbo mzee wa jikoni nikaupa miguu ya kutembea. Kumbe ulikuwa na miguu yake tangu zamani, na ulikuwa ukinifuata nyuma ukiziba tundu nililolitoboa, samaki kwa samaki, treni kwa treni. Niliona aibu sana. Na chini ya ile aibu kulikuwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi, kwa hiyo nikaosha sufuria.

Bukama

Tuliingia Bukama alfajiri ikishageuka asubuhi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya Lualaba, na daraja lilionekana limeshika hewa tu. Nilimsikia dada yangu kabla sijamwona. Sauti ilitoka ndani ya ukungu, ikipita dirisha kwa dirisha: "Mbuyi, leta kuni. Kabanga, leta maji." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, bei ya samaki.

Alikuwa amenenepa kidogo. Aliniona, lakini kwanza akamalizana na mteja wake. Ndipo akasema, "Tshituka. Umekonda. Kuya tukule."

Nyumbani kwake alipakua sahani tatu ingawa tulikuwa wawili. Moja mbele yangu, moja mbele yake, na ya tatu, yenye tonge dogo na mkia wa samaki, mbele ya kiti kitupu karibu naye. Nilijua ni ya nani. Nikampa vikwembe viwili na sahani mbili, na habari ya kuku nikaisema kama ilivyokuwa. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mulikula yote mbili? Mulifanya muzuri."

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia, nikimwita kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. "Yaya, minye nilikosa. Solo ilikuwa yangu, njo nilikubali bakate."

"Weye, ile nilijua. Weye ni muntu wa sifa tangu utoto, hainiumize." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Mais mama alisikia. Siku ya kwanza ya wimbo alikuwa pale, hakusema kintu. Mbuyi alienda kuni, mukamuimba. Minye niko muzima, mukaninyamazia. Mama yangu mwenyewe."

Nikamwambia kuhusu macho. Maharagwe yanayochaguliwa kwa vidole. Moshi unaozidi. Alisimama mlangoni akitazama mto kwa muda mrefu, na ukungu ulikuwa ukiondoka juu ya maji vipande vipande.

"Nitaenda," akasema. "Lakini sitaingia. Nitasimama inje ya lupango mpaka niitwe. Na mama, si na weye. Na usimuambie kama niko pale. Akiniita, naingia. Akinyamaza, narudilia treni."

Lupango ndio ua wa nyumba yetu, wenye mlango wa bati unaolia. Niliufikiria mlango ule, nikaogopa.

Halafu akaniambia nipige wimbo, lakini nimwachie mahali pake. Rahisi, nikadhani. Nikaanza. Nilipofika pale, vidole vikakimbilia solo vyenyewe. Nikaanza tena, vikakimbia tena. Mara ya tatu nilivikazia macho kabisa, na bado vikanitoroka.

"Ile mukono yako haina adabu," akasema. Akaja, akachukua kiganja changu kama nilivyokuwa nikichukuliwa kuvushwa barabara, akakilaza juu ya nyuzi. "Acha pale."

Nikaacha. Kimya kilikuwa kirefu kuliko nilivyodhani kimya kinaweza kuwa. Ndani yake nilisikia mto, mtu akitwanga kwa jirani, na kitu kama chekeche. Dada yangu akaimba jina lake. Macho yalinijaa, akanikumbusha kwamba kwetu hatulii.

Kurudi Shituru

Treni ya kurudi, kwa ukaidi wake tu, haikuchelewa. Tulifika Jumapili baada ya misa. Nyinyi mlikuwepo uani kwa mama, mkiningoja tufanye mazoezi, mkaniona naingia peke yangu na gitaa. Hamkujua kwamba nyuma ya ukuta, kwenye bomba la jirani, kulikuwa na mwanamke wa kikwembe cha maua ameazima ndoo. Nilimwuliza ya nini. Akasema hawezi kusimama barabarani bila kazi kama mtu aliyefukuzwa.

Mama alikuwa kwenye kibao chake, akichekecha unga.

"Ni Tshituka?"

"Ni minye, mama."

"Uko na nani?"

Sikumjibu. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika safari ile. Mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea, polepole zaidi. "Bon," akasema.

Nikaketi karibu naye. Sikuwangoja nyinyi mpange vyombo. Nikasikiliza chekeche, nikaweka kidole gumba juu yake kama Mbuyi alivyonifundisha, nikaimba: "Mbuyi, leta kuni." Nikalaza kiganja.

Mpiga ngoma wetu alidhani uzi umekatika, nilimwona akinitazama. Wengine mlikasirika kwamba naharibu wimbo. Mimi nilikuwa nikiangalia mdomo wa mama. Chekeche lilicheza, likacheza, likasimama. Unga ulikuwa ukianguka mwembamba kwenye mwanga. Nikafikiri, hataimba. Nikafikiri, treni ya Bukama inapita kesho.

"Kabanga," mama akasema, si kwa kuimba. Kama mtu anayejaribu sakafu ya nyumba aliyoihama. Kisha akainua kichwa, na sauti niliyoijua tangu nikiwa mgongoni ikatoka yote: "Kabanga, leta maji!"

Mlango wa bati ukalia. Kabanga akaingia na ndoo kichwani, maji yakimwagikia kikwembe chake kipya, akatembea moja kwa moja mpaka mbele ya kibao. Na mama akasimama. Miguu ile, miaka miwili migonjwa, haikuwa na neno lolote. Alimshika dada yangu mashavu kwa mikono ya unga, akamvuta jua lilipo, akamsogeza karibu, karibu zaidi, mpaka pua zikakaribia kugusana, akamtazama.

"Umekawia," akasema.

"Kisima kilikuwa mbali, mama."

Basi ndiyo hiyo habari. Jumapili nikifunika nyuzi, msinitazame mimi. Mahali pale pana mwenyewe, mwiteni. Jioni ile tulikula bukari iliyosongwa kwa maji ya ndoo ile, na samaki wa Bukama, sahani ya Mbuyi ikiwa kando ya sahani ya Kabanga. Mama akasema samaki wana chumvi nyingi. Akasema wamekaushwa vibaya, akasema siku hizi watu wa mtoni wanakausha kama hawana mama, akasema na kusema mpaka miiba ikabaki mitupu, na Kabanga akamwongezea mwingine.